Tusiitupe simuleta kuukuu kabla ya kulifungua daftari lake

Waswahili husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii hunijia kila nisikiapo kwamba shule fulani imeazimia kuziuza tarakilishi zake kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu kwa kuwa zimezeeka. Sina ugomvi na vitu vipya. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kutupa kabla ya kuuliza ndani ya kitupwacho mna nini, na ni nani aliyekitia humo. Naomba idhini ya msomaji niueleze ugomvi huo kwa mfano ambao huenda ukamshangaza, ukitoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha isimu: simuleta ya ndege, yaani programu ya tarakilishi inayomwezesha mtu kuigiza kazi ya rubani akiwa ameketi kitini.

Si zamani sana nilialikwa na shule moja ya upili, magharibi mwa nchi yetu, kuzungumza na wanafunzi juu ya istilahi za sayansi katika Kiswahili. Mazungumzo yalipokwisha, mwalimu mlezi wa chama cha tarakilishi aliniomba nipitie chumbani mwao. Humo nilikuta mashine sita za zamani, na mbele ya mojawapo binti wa Kidato cha Tatu alikuwa akiishusha ndege Kisumu. Upande mmoja wa kioo ulijaa maji ya Ziwa Victoria, na mbele yake njia ya kurukia ndege ilikuwa imenyooka. Aliitua ndege salama salimini, wenzake wakapiga makofi. Ndipo mwalimu aliponinong'oneza kwamba bodi ya shule ilikuwa imependekeza mashine hizo ziuzwe kwa uzani, kisha akaniuliza: "Daktari, wewe ungesema nini mbele ya bodi?" Siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Makala haya ndiyo jibu langu.

Programu aliyoitumia binti yule ni Microsoft Flight Simulator X, ambayo wapenzi wake huiita FSX kwa ufupi. Ukoo wake ulianzia Marekani. Mwaka 1975 Bruce Artwick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu jinsi tarakilishi inavyoweza kuonyesha mwendo wa ndege kwa picha. Kutokana na kazi hiyo, kampuni ndogo ya subLOGIC ilitoa simuleta kwa ajili ya tarakilishi za Apple II, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa toleo lake la kwanza kwa ajili ya tarakilishi za IBM. FSX, ambayo ni toleo la kumi katika ukoo huo, ilitoka Oktoba 2006 ikiwa na viwanja vya ndege zaidi ya 24,000 kutoka kila pembe ya dunia.

Waundaji wake walikisia jambo moja wakakosea. Walitarajia kwamba prosesa za miaka iliyofuata zingezidi kuongezwa kasi kama ilivyokuwa desturi. Badala yake, watengenezaji wa prosesa wakaanza kutia viini viwili, vinne na zaidi ndani ya prosesa moja ili vigawane kazi. FSX, iliyoandikwa itegemee zaidi kiini kimoja, ikawa kama mwenye shamba aliyeletewa vibarua wanne ilhali ana jembe moja. Marekebisho yaliyotolewa Mei 2007 yaliipunguza shida hiyo, lakini hayakuimaliza. Kisha Januari 2009 Microsoft ikaifunga studio ya ACES iliyoiunda programu hiyo. Kwa kawaida ya biashara, hadithi ingeishia hapo.

Haikuishia hapo. Mwaka 2011 kampuni ya PMDG ilitoa nyongeza ya ndege ya Boeing 737 kwa ajili ya FSX, nyongeza ambayo swichi na saa nyingi za chumba chake cha rubani zilifanya kazi kwa namna inayokaribiana sana na ndege halisi. Desemba 2014 kampuni nyingine, Dovetail Games, ikapewa leseni ikaiuza upya FSX yenyewe kupitia Steam. Yaani miaka minane baada ya kuzaliwa kwake, na karibu miaka sita baada ya wazazi wake kutawanyika, bado kulikuwa na watu waliokuwa tayari kutoa pesa zao kwa ajili yake. Kulikoni?

Jibu limo katika neno moja: nyongeza. FSX haikufungwa kama yai. Mandhari yake imepangwa kwa matabaka. Tabaka la chini kabisa ni lile lililotoka kiwandani. Juu yake mtu yeyote anaweza kulaza tabaka lake, na programu hulisoma lile la juu badala ya lile la chini, bila kulifuta la chini. Orodha ya matabaka hayo imo katika faili ya maandishi ya kawaida, inayosomeka kwa macho. Uzito wa ndege, mafuta yake na mahali zilipo injini zake, hayo nayo yameandikwa katika faili ya maandishi. Hata faili ya mipangilio ikiharibika, mtu huiondoa, na programu huiandika upya inapowashwa. Isitoshe, toleo lililoitwa Deluxe lilikuja na zana za wale wanaotaka kuunda vitu vyao wenyewe, pamoja na njia rasmi, SimConnect, ya kuziwezesha programu nyingine kuzungumza nayo.

Bila ya nyongeza, programu hii ingekuwa picha ya ulimwengu uliopita. Haijui kwamba Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, kwa hivyo Juba kwake ni mji wa Sudan. Haijui jengo la abiria la 1A lililofunguliwa katika uwanja wa Jomo Kenyatta mwaka 2014, wala reli mpya iliyoanza kusafirisha abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, wala barabara ya juu iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2022. Hata dira yake imepitwa na wakati. Namba ya njia ya kurukia ndege hutokana na mwelekeo wake kwa mujibu wa dira, na kaskazini ya sumaku haitulii mahali pamoja. Kwa sababu hiyo, uwanja wa Stansted, karibu na London, ulibadilisha namba za njia yake mwaka 2009 kutoka 05 na 23 kuwa 04 na 22. Marubani wa kweli hupokea taarifa mpya za uongozaji kila baada ya siku 28. Mwenye simuleta ya 2006 naye anaweza kuyarekebisha haya, kwa sababu wapo watu waliokaa chini wakaandika jedwali jipya la dira, wakachora viwanja vipya, na wengine wakagawa kazi yao bila malipo.

Nyongeza hazirekebishi ya sasa tu, hutunza na ya kale. Kwa miaka mingi simuleta za Microsoft zilimwanzisha mtumiaji safari yake katika uwanja mdogo wa Meigs, ufuoni mwa ziwa mjini Chicago. Usiku mmoja wa mwisho wa Machi 2003, meya wa mji huo, Richard M. Daley, aliamuru matingatinga yaichimbue njia ya uwanja huo, na ndege hazikurudi tena. FSX ilipotoka, Meigs haikuwamo. Wapenzi wakaichora upya na kuirudisha kama nyongeza. Novemba 2022 Microsoft yenyewe iliirejesha Meigs katika simuleta yake mpya, kuadhimisha miaka 40. Waliotunza walitangulia, mwenye mali alifuata.

Anayedhani kwamba sifa hii ya kupokea nyongeza ni jambo dogo na aitazame programu iliyofuata. Februari 2012 kampuni hiyo hiyo ilitoa Microsoft Flight. Ilipatikana bure na picha zake zilivutia, lakini ilifungiwa mlango: watu wa nje hawakuruhusiwa kuitengenezea nyongeza zao. Julai mwaka uo huo ikatangazwa kwamba uundaji wake umesitishwa. Sidai kwamba mlango uliofungwa ndio sababu pekee. Nasema tu kwamba ile kuukuu yenye kasoro, iliyoachwa wazi, ilimzika mdogo wake.

Hapa ndipo mwanaisimu anapojikuta nyumbani. Sarufi ya Kiswahili ni kongwe, na mihimili yake ya ngeli na unyambuaji ni ya Kibantu. Lakini mihimili hiyo iliachwa wazi ipokee. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, na silabi yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi. Kiswahili hakikujali asili hiyo. Kiliiona ki-, kikaihesabu kuwa kiambishi, kikatupa vitabu. Kitenzi sajili nacho kiligeuka mwenyeji kikazaa sajiliwa, sajilia na sajilisha. Kompyuta ilipowasili haikuhitaji sarufi mpya: iliingia katika ngeli ya I-ZI ikakaa. Lugha haikuwa changa ndipo ikayaweza haya. Iliyaweza kwa sababu ina kanuni zinazojulikana za kumkaribisha mgeni na kumpa kazi.

Wala kazi hiyo haimaliziki. Katika chumba kile, binti wa Kidato cha Tatu aliniuliza kwa nini twasema njia ya kurukia ndege ilhali ndege hutua papo hapo. "Na ya kutulia je?" akauliza. Darasa zima likacheka, maana kutulia ni kutua mahali na pia ni kuwa mtulivu. Nilicheka nao, kisha nikatambua kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko hotuba yangu nzima. Mtoto yule hakuwa akikariri istilahi, alikuwa akiihitaji.

Hata hivyo, tusiusifu mvua imetunyea. Simuleta kuukuu ina mipaka yake, na mtunzaji asiyeijua hujitafutia hasara. FSX ni programu ya biti 32, na kwa hivyo haiwezi kutumia kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4 hata ukiiweka katika tarakilishi yenye kumbukumbu mara nane ya hiyo. Mtu akirundika ndege nzito, miji iliyochorwa kwa kina na mawingu mazuri kwa pamoja, programu huzirai, na mara nyingi huzirai mwishoni mwa safari ndefu, pale uwanja unapoonekana. Dawa yake ni kuyazima matabaka yasiyohitajika katika safari ile. Aidha, nyongeza mbili za uwanja mmoja zikiwashwa pamoja hugombana, na mtu huona jengo limesimama katikati ya njia ya ndege. Kadhalika, tarakilishi ambayo mfumo wake umeacha kupokea marekebisho ya usalama haifai kuachwa wazi katika intaneti. Mafaili na yapakuliwe kwa mashine nyingine iliyo salama na kukaguliwa kabla ya kuhamishwa. Na nyongeza ya kuuzwa ina mwenyewe. Kuinakili bila idhini ni wizi, hata kama aliyeinakili ni chama cha shule. Tena simuleta ya darasani haimpi mtu leseni ya urubani. Inachompa ni sababu ya kujifunza.

Sasa turudi Kisumu. FSX ilipotoka mwaka 2006, njia ya ndege ya Kisumu ilikuwa fupi. Baadaye ilirefushwa ikafikia takriban mita 3,300. Wanafunzi wa shule ile waliona tofauti baina ya kioo na uwanja waliouona kwa macho yao, wakaamua kuurekebisha kwa programu ya bure ya kuhariri viwanja. Jaribio la kwanza liliwaaibisha. Njia ilirefuka, lakini sehemu mpya ikapanda na kushuka kama godoro bovu, kwa kuwa ardhi iliyosawazishwa ndani ya programu ilikuwa ile ya uwanja wa zamani tu. Iliwabidi wajifunze kutandaza ardhi kwanza, kisha njia juu yake. Katika kulifanya hilo walihesabu mielekeo kwa digrii, waligeuza futi kuwa mita, na walijifunza kusoma ramani. Mwalimu alinieleza kuwa baadhi yao hapo awali walikuwa hawataki hata kulisikia jina la hesabu.

Lakini Kisumu niliyoiona mimi ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilifanywa na mvulana mmoja hodari aliyekuwa akijua kila kitu peke yake. Alipomaliza Kidato cha Nne aliondoka na maarifa yake kichwani. Miezi michache baadaye diski ngumu ya mashine ile ikafa. Diski mbili za asili za programu zilikuwa kabatini, safi kabisa, na kuirudisha FSX kulichukua alasiri moja. Kisumu haikurudi. Hakuna aliyekuwa na nakala, na hakuna aliyejua mvulana yule alivyoitandaza ile ardhi. Iliwachukua wadogo zake mihula miwili kuifikia tena mahali alipoiacha.

Msomaji asiwacheke watoto hao. Maktaba ya AVSIM, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kuwa mojawapo ya hazina kubwa za nyongeza za bure duniani, ilivamiwa na wahalifu wa mtandao Mei 2009. Ilikuwa na seva mbili, na kila moja ilikuwa ikihifadhi nakala ya mwenzake. Wavamizi waliziharibu zote mbili, na hapakuwa na nakala ya tatu nje yake. Tovuti ilirejea baada ya muda, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa: nakala mbili zinazokaa chini ya kufuli moja ni nakala moja.

Wanafunzi wa shule ile walijifunza somo hilo kwa machozi yao wenyewe. Kando ya mashine niliona daftari kubwa la kaunta. Humo waliandika kila nyongeza waliyoitia: tarehe, jina la faili, aliyeiunda, ilipotoka, kwa nini imetiwa, na namna ya kuiondoa. Mwandiko ulibadilika kutoka kurasa hadi kurasa, maana kila mwaka anaandika mwingine. Nililisoma daftari lile nikiwa nimesimama, na nakiri kwamba nimesoma tasnifu nyingi zisizo na uangalifu wa namna ile. Hicho ndicho bodi inachotaka kukitia mizanini pamoja na vyuma.

Najua nitajibiwa kwamba zipo simuleta mpya zilizo bora mara nyingi zaidi. Ni kweli. Microsoft Flight Simulator iliyotoka Agosti 2020, na mwenzake wa Novemba 2024, ni kazi za kustaajabisha, nazo pia zimeacha mlango wazi kwa nyongeza. Shule yenye uwezo na izitumie. Lakini ile ya 2020 ilitaka nafasi ya gigabaiti 150 katika diski, na sehemu kubwa ya mandhari yake nzuri huletwa kwa intaneti safari ikiendelea. Shule inayonunua vifurushi vya intaneti kwa kubana matumizi itaziona simuleta hizo katika picha tu. Na hata ile itakayozinunua, ikiwa haijajifunza kutunza, itazitupa nazo baada ya miaka michache kwa hoja ile ile ya uzee.

Kwa hivyo, nikiitwa mbele ya bodi, nitasema mambo matatu. Kwanza, kabla ya mashine yoyote kuuzwa, na iorodheshwe kilichomo: si jina la programu tu, bali kila kilichoongezwa na wanafunzi na walimu. Kinachonunulika dukani kitanunuliwa tena. Kilichoundwa hapa hakina duka. Pili, kila chama cha tarakilishi kiwe na daftari la namna ile na nakala zisizopungua tatu za kazi yake, mojawapo ikiwa nje ya chumba hicho. Tatu, walimu wa masomo yote waingie katika chumba kile. Mwalimu wa jiografia atakuta ramani na upepo, wa hesabu atakuta pembe na vipimo, na mwenzangu wa Kiswahili atakuta watoto wanaodai maneno. Awape kazi ya kuandika maelezo ya nyongeza zao kwa Kiswahili, ili anayekuja mwakani asianze upya kwa kukosa wa kumweleza.

Mashine zile sita zitakufa siku moja, na sitazililia. Kazi iliyomo ndani yake inaweza kuhamishwa ikiwa atakuwapo anayeijua ilivyo. Naiomba bodi, itakapokutana, ianze kikao kwa kulifungua daftari la kaunta na kumwita binti yule aifafanue walau kurasa moja. Mizani ya vyuma kuukuu haitakimbia.